Bashi ni ya juu ya vichwa, si ya chini ya samaki

AVEBA, Irumu. Popote mtu anapochimba bwawa la samaki katika usultani wa Walendu-Bindi, swali la kwanza halikawii: chini tutandike nini ili maji yasikimbie? Na jibu la haraka halikosi msemaji. Tafuta bashi. Zile za misaada, nyeupe, za wakimbizi wa ndani. Ziko kila kambi, bei yake si kali, motari anazileta hata usiku.

Jibu hilo ni baya. Ni baya kwa maji, ni baya kwa samaki, na kwa familia iliyokimbia vita ni kuvuliwa nyumba mchana watu wakiangalia. Heri lisemwe wazi sasa, kabla ya kiangazi cha Desemba hadi Februari, maana huo ndio wakati wa kushika majembe.

Bashi yenyewe ni kitu gani? Ile ya UNHCR ina mita 4 kwa mita 5. Ni nyuzi za plastiki zilizosukwa kama mkeka, kisha zikapakwa plastiki nyingine nyembamba juu na chini. Imetengenezwa ili mvua iteleze juu yake na kuanguka pembeni. Haikutengenezwa kubeba maji yaliyosimama. Juu ya nyumba, tone la mvua linapita na kwenda zake. Ndani ya bwawa maji hayaendi popote, na kila mita ya mraba yenye maji ya kina cha mita moja inabeba tani nzima. Chini ya uzito huo, jiwe dogo au kisiki cha mzizi kilichosahauliwa kinakuwa msumari. Ile ngozi nyembamba ya juu inapasuka, maji yanaingia katika nyuzi, yanafuata nyuzi, na mwenye bwawa hataona hata tundu lenyewe liko wapi.

Halafu kuna hesabu, ambayo wanaosifu bashi hawapendi kuifanya mbele ya watu. Chukua bwawa la kawaida la mita 20 kwa 15, kina cha mita 1 na sentimeta 20, kuta zake zimelala vizuri ili zisibomoke. Kulitandika lote, pamoja na kipande cha kufukia pembeni, kunataka kama mita 22 kwa 17, yaani karibu mita za mraba 375. Bashi moja ni mita za mraba 20. Mtu atasema: basi, bashi 19. Hapana. Bashi haziwekwi ukingo kwa ukingo kama matofali, lazima zilaliane. Zikilaliana nusu mita, kila bashi inabaki na kazi ya mita 3 na nusu kwa 4 na nusu. Hapo zinatakiwa 24.

Bashi ishirini na nne! Kipimo kinachofuatwa na mashirika ya misaada duniani ni mita za mraba 3 na nusu za sakafu iliyofunikwa kwa kila mtu. Familia ya watu watano inahitaji 17 na nusu, na bashi moja ndiyo inayojaribu kuwafunika. Kwa hiyo chini ya bwawa moja la samaki kunalala paa za familia ishirini na nne. Na hata baada ya hayo maji yatatoka, kwa sababu maungo hayashiki. Wengine wanashona kwa uzi wa nailoni, na kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Wengine wanabandika kwa lami au kwa utepe wa dukani. Vinashika mpaka siku ya kwanza ambayo bwawa linajaa kweli.

Kuna watakaosema: lakini wakimbizi wenyewe ndio wanaouza, nani amewalazimisha? Jibu lake ni fupi. Mama anayeuza bashi si mjinga, wala hajachoka na kivuli. Ana mtoto mwenye homa, au sufuria haijawekwa motoni tangu jana. Akipata pesa ya dawa leo, mvua ya kesho ataijua kesho. Hapo alaumiwe mnunuzi, anayejua kabisa kwamba nyuma ya bashi hiyo kuna watoto watakaolala wamejikunja pembeni mwa ukuta wa majani. Alaumiwe hasa akiwa ni mtu mwenye ng'ombe, mwenye duka, au kiongozi wa kikundi aliyepewa pesa ya kuchimba bwawa kwa jina la hao hao wakimbizi.

Sasa hoja ya pili, maana si kila mpenda plastiki ni mnunuzi wa bashi. Wapo wanaosema: sawa, tuache bashi, tuagize plastiki yenyewe ya mabwawa, ile nyeusi nzito inayotumika Kenya na Uganda. Hao wanastahili kujibiwa kwa heshima zaidi. Plastiki hiyo ipo, inafanya kazi, na kuna mahali ambapo bila hiyo hakuna bwawa. Kenya ilipoanza mpango wake wa mabwawa mwaka 2009, mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila moja mita za mraba 300, sehemu za mchanga zilitandikwa plastiki kwa sababu maji hayakukaa. Hakuna aibu katika hilo. Lakini neno la kushika hapo ni moja: mchanga. Palipokuwa na udongo mzuri, udongo ndio uliofanya kazi. Na mabwawa mengi ya mpango ule yaliachwa baadaye, ya plastiki na ya udongo pia, chakula cha samaki na wa kufuatilia vilipokosekana. Plastiki haikuwalisha samaki.

Wenye umri watakumbuka kusikia kwa wazee wao kwamba hata Kongo iliwahi kuwa nchi ya mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, familia zilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000 nchini, na kituo cha Kipopo, karibu na mji ambao leo ni Lubumbashi, kilifanya uchunguzi wa tilapia. Mengi yalichimbwa kwa amri, si kwa hiari, na amri ilipoondoka watu walirudi mashambani kwao. Lakini yalishika maji, na yalishika kwa udongo na miguu ya watu. Bashi haikuwepo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza plastiki gani, mtu wa Aveba aulize udongo gani. Na jibu halihitaji injinia kutoka Bunia. Linahitaji mkono na usiku mmoja.

Chimba udongo wa pale pale unapotaka kuweka bwawa, si wa juu wenye mizizi bali wa chini. Chukua konzi moja, lowesha, finya mpaka iwe kama tonge la bugali. Lirushe juu kama nusu mita, lidake. Likivunjika mkononi, kuna mchanga mwingi, usidanganyike. Likibaki tonge, kuna matumaini. Lakini tonge peke yake halitoshi, na wengi wanaishia hapo, kisha wanalia. Chimba shimo hadi kiunoni. Asubuhi na mapema lijaze maji mpaka juu. Jioni utakuta yamepungua, hilo ni kawaida kwa sababu udongo ulikuwa na kiu. Jaza tena mpaka juu, funika kwa majani au mbao, nenda kalale. Asubuhi fungua. Maji mengi yakiwa bado yapo, ardhi hiyo itashika bwawa na hakuna sababu hata moja ya kutafuta plastiki. Yakiwa yamekwisha, ardhi yenyewe imekujibu, na gharama yake ilikuwa bidoni chache za maji.

Mahali pa kwanza pa kujaribu panajulikana: kule mabondeni watu wanakofyatua matofali. Tofali halisimami bila udongo wa mfinyanzi. Mama anayefinyanga chungu naye anajua zaidi kuliko karatasi nyingi za miradi, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Hapa kuna jambo ambalo wauza plastiki hawalisemi. Bonde lenye chemchemi, ambalo ndilo kila mtu analipendelea kwa bwawa, ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kutandika plastiki. Maji ya ardhini yanasukuma kutoka chini. Siku unapopunguza maji ili uvue, yale ya chini yanaiinua plastiki, inavimba katikati kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, na gesi ya majani yanayooza inaongezea. Samaki wanabaki katika mikunjo, watu wanakanyaga, plastiki inachanika. Bwawa la udongo katika bonde hilo hilo linapokea maji ya chini kama zawadi.

Udongo una neema nyingine. Matope ya chini ni chakula. Ukiweka mbolea ya ng'ombe, ya mbuzi au ya kuku, maji yanakuwa ya kijani, vijidudu vinazaliwa matopeni, na tilapia anakula bila mwenyewe kununua chochote. Bwawa la plastiki ni kama sahani iliyooshwa: samaki anangojea upeleke wewe. Kwa mwenye pumba na pesa, si tatizo. Kwa familia inayotafuta mchuzi wa kula na sombe, ni tatizo kubwa.

Basi kazi ya udongo ikoje? Hapa isidanganywe kwamba ni rahisi, maana waliodanganywa ndio wanaorudi kwenye bashi. Majani, mizizi na udongo mweusi wa juu vyote viondolewe, visiachwe ndani ya tuta. Chini ya kila tuta uchimbwe mfereji mpaka kufikia udongo mgumu, ujazwe mfinyanzi na kushindiliwa. Huo ndio moyo wa bwawa, maana maji mengi hayapotei katikati, yanapita chini ya tuta na kando ya bomba la kutolea maji. Tuta lipandishwe kwa tabaka za sentimeta 15 hadi 20, kila tabaka liloweshwe kidogo na kupigwa kwa gogo zito mpaka kisigino kisizame. Anayemwaga udongo wote siku moja na kuupiga juu tu amejenga chujio.

Na kama shimo la majaribio limeonyesha ardhi ya wastani, si mchanga mtupu lakini inavuja? Letewa mfinyanzi kutoka bondeni na utandike tabaka ya sentimeta 30. Kwa bwawa lile la 20 kwa 15, hiyo ni kama mita za ujazo 96 zikishashindiliwa. Kwa toroli la lita 60 ni safari 1,600, na zaidi ya hapo kwa sababu udongo uliochimbwa unapanuka. Ni kazi nyingi mno kwa mtu na mke wake. Wachimbe dogo zaidi. Bwawa la mita 10 kwa 10 linaloshika maji linashinda la mita 300 linalokauka mwezi wa pili.

Lakini zile safari 1,600 zitazamwe kwa jicho jingine. Pesa ya plastiki inakwenda wapi? Inavuka Mahagi na kwenda Kampala au mbali zaidi, na inayobaki njiani ni ya lori na ya vizuizi. Pesa ya toroli na ya kushindilia inabaki hapa hapa. Inaingia mfukoni mwa kijana aliyekimbia na hana shamba, na mwa mama anayeweza kupika kwa ajili ya wachimbaji. Inaingia mfukoni mwa yule yule ambaye, kwa kukosa kibarua hicho, angeuza bashi yake. Mradi unaokuja na roli la plastiki na kusema umeokoa muda, umeokoa muda wa nani? Aveba inakosa vibarua, haikosi muda.

Salongo nayo ina mipaka yake. Bwawa la kanisa, la shule au la kijiji kizima linaweza kuchimbwa kwa salongo. Bwawa la mtu mmoja likichimbwa kwa jasho la wakimbizi bila malipo, kwa ahadi ya samaki wa mwakani, huo si umoja.

Ipo pia njia ya samadi, ambayo wafugaji wangeifurahia. Chini na kando za bwawa unapaka tabaka ya mavi ya ng'ombe yaliyoloweshwa, kama sentimeta 10, unafunika kwa majani ya migomba au nyasi, juu yake udongo, unashindilia vizuri, unaacha wiki mbili au tatu kabla ya kuingiza maji. Yale yanayooza bila hewa yanaunda kitu kama gundi, kinaziba vitundu vya ardhi. Haiwezi kuponya mchanga wa mtoni. Kwa ardhi inayovuja kidogo, inaponya. Na bwawa jipya lisikatiwe tamaa haraka: linavuja zaidi miezi ya kwanza, kisha tope laini linashuka na kuziba. Simamisha kijiti chenye alama. Maji yakishuka unene wa kidole kwa siku bila mvua, ni jua na kiu ya ardhi. Yakishuka kiganja kizima, kuna njia ya maji mahali fulani, na kwanza itafutwe kwenye tuta na bomba.

Baada ya yote hayo anabaki yule ambaye ardhi yake ni ya mchanga au mawe, chemchemi yake ni ndogo, na bonde la mfinyanzi liko mbali. Huyo ana haki ya plastiki, na asipewe takataka. Aitake ile nyeusi ya polietilini iliyotengenezwa kwa mabwawa, si ya kufunika malori wala ya kuanikia mihogo. Unene wa nusu milimeta unafaa kibwawa kidogo. Kwa bwawa kubwa iwe robo tatu ya milimeta, au milimeta nzima. Atazame ukingo uliokatwa: akiona nyuzi zilizosukwa, hiyo ni ndugu ya bashi, airudishe. Ainyanyue dhidi ya jua na kutafuta vitundu vya mwanga. Aulize kama vipande vimeunganishwa kiwandani kwa moto, kwa sababu huku kijijini hakuna mashine ya kuviunganisha, na bwawa kubwa likija katika vipande vitatu litaishia kwenye lami na utepe ule ule. Plastiki iliyosagwa kutoka takataka na kuyeyushwa upya iachwe. Hata mpira wa kuzibia paa za nyumba za mjini usiaminiwe, kwa kuwa mwingine umewekewa dawa ya kuua mizizi, na dawa hiyo haichagui kati ya mzizi na samaki.

Chini yake yatandikwe magunia ya zamani au mchanga laini wa sentimeta tano. Hapo ndipo bashi iliyokwisha kazi, iliyochanika na kuliwa na jua, ambayo hata mbuzi haimfuniki, inaweza kupata kazi ya mwisho kama mto wa kulalia plastiki. Hakuna ugomvi na hiyo. Ugomvi ni juu ya ile inayofunika watu leo. Kingo zizikwe katika mfereji wa kina cha mkono mmoja kuzunguka bwawa lote, plastiki iachwe na ulegevu kidogo, maji yaingizwe polepole. Na jembe lisiingie humo tena milele.

Jambo moja haliwezi kupitwa. Ukingo wa udongo una nyasi na vishikizo. Ukingo wa plastiki iliyolowa hauna. Mtoto akiteleza ndani, hata anayejua kuogelea, anapanda na kurudi chini, anapanda na kurudi chini. Karibu na kambi, ambako watoto wengi wanashinda bila mtu mzima kwa sababu mama ameenda kutafuta kibarua, bwawa la plastiki bila uzio na bila kamba zilizofungwa kuning'inia ndani pande zote nne ni mtego. Kapita asiruhusu maji yaingie kabla kamba na uzio havijaonekana. Mwenye bwawa akisema ataweka wiki ijayo, maji nayo yaingie wiki ijayo.

Wengine wana hoja ya mwisho, na inagusa moyo. Wanasema mkimbizi hana ardhi. Amekimbia mara moja, mara mbili, mara tatu, toka miaka ya 2002 na 2003 mpaka leo, na hata makubaliano kati ya serikali na FRPI ya tarehe 28 Februari 2020 hayakumaliza safari zake. Akiwa na bwawa la udongo, ataliacha. Akiwa na plastiki, ataikunja na kwenda nayo.

Ataikunja? Plastiki ya milimeta moja ya bwawa lile la mita 20 kwa 15 ina uzito wa karibu kilo 350. Ile ya nusu milimeta ni karibu kilo 180, bado chini ya maji na tope. Mtu aliyesikia risasi alfajiri anabeba mtoto, godoro na sufuria. Anabeba pia, kama bado anayo, bashi. Hicho ndicho kitu chepesi alichonacho ambacho kitakuwa nyumba jioni hiyo hiyo mahali atakapofika, Gety au Bunia au porini. Anayemshauri aitandike chini ya samaki anamnyang'anya kitu pekee kinachohama naye.

Shida ya mkimbizi na bwawa iko kwenye neno. Mwenye ardhi anamwambia chimba tu, ndugu yangu, tutaelewana. Anachimba, anashindilia, samaki wanakua, kisha mwenye ardhi anakumbuka kwamba ni ardhi yake. Dawa ya hilo ni karatasi, siyo plastiki. Kabla jembe la kwanza halijagonga, pande mbili zikae mbele ya kapita na mashahidi, wakiwemo nyumbakumi na mtu wa kamati ya wakimbizi. Iandikwe ardhi inatumika miaka mingapi, mavuno yanagawanywa vipi, nani anabaki na bwawa mkimbizi akirudi kwao, na analipwa nini kwa kazi ya mikono yake. Wasioandika waweke alama ya kidole. Nakala mbili, moja ikae kwa mkimbizi mwenyewe.

Viongozi wa kambi nao wana la kujibu. Wanajua bashi ngapi ziligawanywa, na nyumba ngapi leo zimefunikwa majani. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili imekwenda mahali, na katika vijiji hivi mtu hawezi kuficha mita za mraba 375 za plastiki nyeupe. Wasiwapeleleze akina mama waliouza. Waende kwa waliotandika. Bwawa ambalo halijajazwa bado linaweza kufunguliwa na bashi kurudishwa zikiwa nzima, na aliyenunua apoteze pesa yake, kwa sababu alijua ananunua nini.

Na mashirika yanayofadhili mabwawa yaulizwe jambo moja na kila kikundi kabla ya kusaini: shimo la majaribio liko wapi? Shimo la kiunoni, lililojazwa asubuhi, likajazwa tena jioni, likafunguliwa alfajiri mbele ya watu. Kama fundi wa mradi hajui linakaa wapi, hajafika bado kwenye swali la plastiki. Apewe jembe, na mtu wa kumwonyesha njia ya bondeni kwa wafyatua matofali.